Pacha wa Njata

Tangu Njata afikishe umri wa kupandishwa, mimi huamka kukipambazuka, navaa gambuti za marehemu mume wangu, na kwenda kumtazama nyuma. Anayetaka maziwa hana budi kutazama huko. Ng'ombe akiwa kwa joto hutoa ute mwangavu kama ute wa yai, manyoya ya mkia yanashikana, anapiga kelele bila sababu, majani anayaacha, na akimwona ng'ombe mwenzake anamrukia au anasimama arukiwe. Joto lenyewe halikai. Ukiliona asubuhi, mtu wa sindano aje jioni. Ukiliona jioni, aje asubuhi. Likikupita, unangoja siku ishirini na moja.

Mimi nimetazama asubuhi na jioni kwa miaka miwili. Kwenye kalenda ya kanisa iliyo kando ya mlango wa jikoni niliweka alama kila baada ya siku ishirini na moja, kalenda ikaisha, nikatundika nyingine. Ute sikuuona. Kelele sikuzisikia. Njata alikula, akanywa, akacheua, akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali asipopajua.

Naitwa Wamuyu. Nakaa juu ya Keringet, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka saa nne na viazi huota vizuri. Nina ekari moja na nusu, nyumba ya mabati yenye vyumba viwili, kaburi la mume wangu Kihara chini ya uzio, na huyo Njata. Njata ni nyota kwa lugha yetu. Nilimwita hivyo kwa sababu ya doa jeupe kwenye paji la uso. Mwezi wa nane nitatimiza miaka sabini na mbili, na goti langu la kushoto halikunjiki tena vizuri, kwa hiyo nikikata majani ya nepia nayakata nimeinama upande mmoja.

Mwezi wa tatu nilianguka kwenye mtaro nikiwa na bunda la nepia mgongoni. Sikuvunjika. Ila nilishindwa kuinuka, nikakaa mle kwenye maji tangu saa tatu mpaka saa sita, mpaka mama mmoja aliyekuwa akitoka kupeleka maziwa akaniona. Habari zikafika Nakuru kabla sijabadilisha nguo. Binti yangu Wangechi, ambaye ameolewa na Owuor na wanakaa huko mtaa wa Rhonda, alikuja Jumamosi iliyofuata na mkate na dawa ya kuchua.

"Mami, huyu ng'ombe anakumaliza," aliniambia akiwa amesimama mlangoni mwa zizi, viatu vyake vya mjini vikizama. "Unamkatia mabunda manne kwa siku, unamtekea maji, na hajakupa hata kikombe."

"Atashika mimba."

"Ulisema hivyo mwaka jana. Na ukianguka tena kwa ule mtaro nani atakuokota? Njata?"

"Ana pembe. Anaweza."

Hakucheka. Wangechi akikasirika hufanana sana na baba yake, anakuwa mpole, na huo upole ndio mbaya. Akanisugua goti lile huku akiniambia mambo yote aliyokwisha kupanga na Owuor. Nije nikae nao. Wana chumba kimoja kikubwa, watakigawa. Kanisa liko karibu, hospitali iko karibu, wajukuu watanisomea Biblia.

Tukapatana hivi. Nitapewa mpaka shule zifungwe mwezi wa nane. Njata akishika mimba, waniache kwangu, kwa sababu nitakuwa na maziwa na nitakuwa na sababu. Asiposhika, nitamwachilia, nitafunga mlango na kwenda Rhonda bila maneno mengi.

Owuor ni mkwe mzuri, sina neno naye. Wiki mbili baadaye alinipigia simu kuniuliza ningependa pazia la rangi gani, lile la kugawa chumba. Nikamwambia yoyote, baba. Tulipomaliza kuongea nikaenda kukaa zizini juu ya debe, nikakaa huko mpaka uji ukaungua.

Sasa lazima niseme Njata alitoka wapi, kwa sababu kosa lote liko hapo.

Baada ya ule mwaka wa nyumba kuchomwa, sisi tulikaa kwenye mahema karibu miaka miwili, halafu tukarudi. Sitaki kusema nani alifanya nini. Ng'ambo ya kijito anakaa Mzee Kipketer, Mkipsigis, rika la mume wangu. Kwa miaka mingi salamu yetu ilikuwa kukohoa tu. Yeye akipita upande wake anakohoa, Kihara anajibu kwa kikohozi, imetosha. Kihara alipofariki, Kipketer alikuja bila kuitwa na jembe lake mwenyewe, akachimba kaburi pamoja na vijana wa kanisa, akanawa mikono, akaenda. Miezi michache baadaye akavuka tena kijito, safari hii akivuta ng'ombe mweupe mwenye masikio meusi.

"Huyu anaitwa Chelel," akasema. "Nataka akae kwako."

Wenzetu hawa wana desturi hiyo, kumweka ng'ombe kwa mtu. Maziwa ni ya anayemtunza, ndama ni wa mwenyewe. Kipketer akaongeza lake: mtamba wa kwanza atakayezaliwa atakuwa wangu kabisa. Nilimwuliza kwa nini mimi, na ana ndugu wengi huko juu.

"Ndugu zangu wananikosea wakijua siwezi kufanya kitu," akasema. "Na wewe hatuwezi kugombana, maana tukigombana ng'ombe wangu atakosa majani."

Na tangu siku hiyo alikuwa akija kila Jumapili jioni kunywa chai kwangu na kumkagua Chelel. Alinifundisha mengi. Chelel alikuwa na mimba tayari, na Kipketer alinieleza ndama anavyokua mle ndani, kwa vidole vyake. Miezi miwili ni kama panya mdogo. Mitano ni kama paka mkubwa, hana manyoya ila kidogo mdomoni. Sita, saba, sasa ni kama mbwa, na anaanza kupiga teke. Miezi tisa na siku zake, anageuka, miguu ya mbele na pua vinaangalia mlango. Alinicheka pia kwa kuongea na ng'ombe kwa Kikuyu. "Huyo ni Mkipsigis," aliniambia. "Anakusikiliza kwa heshima tu."

Chelel alizaa Jumapili asubuhi, mvua ikinyesha, watu wako kanisani. Kipketer alikuwa amesafiri Longonot kwa mwanawe Hezekiah, angekaa huko wiki nzima. Nilikuwa peke yangu. Kwato mbili zikatoka, pua ikafuata, nikavuta kidogo Chelel akisukuma, ndama akaanguka kwenye majani. Dume. Mdogo, mwembamba, miguu kama fito. Nikamfuta pua, nikampuliza, akapumua. Nikawa nangoja kondo la nyuma litoke, lakini Chelel akalala tena na kuanza kusukuma upya, na baada ya muda kama wa kuchemsha maharagwe yakaiva nusu, akaja mwingine. Huyo alikuwa mkubwa, mwenye nyota usoni. Jike.

Kondo lilipotoka lilikuwa kubwa ajabu, vipande viwili vilivyoshikana kama nguo mbili zilizoshonwa pamoja pindoni. Nakumbuka nililigeuza kwa kijiti kuona mahali moja linapoishia na jingine linapoanzia, nikashindwa.

Ndama lazima apate dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya kwanza, na ayapate mapema. Chelel alikuwa na dang'a kidogo siku hiyo, hata sijui kwa nini. Mimi nilimshika nani kwanza nikamsogeza kwenye chuchu? Nilimshika yule mwenye nyota. Nilijua ni wangu. Yule dume alikuwa wa Kipketer. Sikusema moyoni kwamba afe, Mungu ni shahidi. Nilisema huyu atangoja. Aliposhiba mwenye nyota, dume alipata matone. Jioni akapata tena mabaki. Jumatatu akaanza kuharisha. Nilimpa maji ya chumvi na sukari kwa vidole, nikamfunika kwa koti la Kihara. Jumanne saa tano akafa, kichwa chake kiko juu ya gambuti yangu.

Nikamzika nyuma ya jikoni, nikapanda mti wa avokado juu yake.

Kipketer aliporudi Alhamisi alivuka moja kwa moja, hata hajafika kwake.

"Amezaa?"

"Amezaa. Mtamba."

"Basi huyo ni wako. Kondo lilitoka lote?"

"Lilitoka lote."

Akanyoosha mkono akamshika ndama sikio. "Una bahati, Mama Wangechi. Mwaka wa kwanza tu."

Ningesema nini? Ng'ombe wa kwanza kuvuka kile kijito kuja upande wetu tangu tuchomewe, na mimi namwambia dume lake limekufa mikononi mwangu siku ya tatu, na jike langu limenona? Nilisema nitamwambia Jumapili. Jumapili akaja na sukari. Nikasema Jumapili ijayo. Sikusema.

Chelel alirudi kwa Kipketer Njata alipoachishwa ziwa. Mimi nikabaki na huyo wangu, nikamlea. Alikua akawa na mabega, na shingo nene kuliko mitamba mingine, na watu waliopita barabarani wakasema huyu ndiye ng'ombe. Alipofikisha mwaka mmoja na nusu nikamwita Weldon, kijana anayepandisha ng'ombe kwa sindano kutoka Keringet mpaka huku juu. Sisi humwita daktari, yeye hukataa, halafu huitika. Kipketer alikuja kumshika kamba, kwa kuwa mimi na goti hili singeweza.

Weldon alivaa glavu ndefu ya kufika begani, akampapasa kwa ndani, akakunja uso. "Shosho, kizazi chake ni kidogo kama cha mtoto," akasema. Halafu akauliza, hivi hivi tu, akivua glavu: "Alizaliwa peke yake?"

Kipketer alikuwa ameishika kamba, ananitazama kwa ukarimu, akingoja nijibu.

"Peke yake," nikasema.

"Basi bado hajakomaa. Mpe chumvi ya madini, mpe dawa ya minyoo, tungoje."

Sikujua kwa nini aliuliza. Nilidhani ni yale maswali ya kujaza kitabu, kama wanavyokuuliza hospitalini dini yako. Kwa hiyo tukangoja. Chumvi akalamba. Dawa ya minyoo akanywa. Weldon akamdunga sindano ya kuleta joto, joto halikuonekana, akasema wengine huwa na joto la siri, akampandisha hivyo hivyo kwa kubahatisha. Nikangoja miezi mitatu. Hakuna kitu. Akarudia. Nikangoja tena. Kipketer kila mara alikuja kushika kamba, na kila mara alikunywa chai akanipa moyo.

"Wengine huchelewa," alikuwa akisema. "Nilikuwa na mmoja alichelewa mpaka nikamsahau, siku moja nikamkuta na ndama."

Wiki ya mwisho ya mwezi wa saba, zimebaki siku chache shule zifungwe, Weldon akaja kwa pikipiki na msichana amembeba nyuma. Anaitwa Cheptanui, anasomea udaktari wa mifugo, alikuwa ametumwa kwake kwa mazoezi. Mwembamba, koti jeupe limemzidi, gambuti mpya kabisa. Aliniamkia kwa mikono miwili. Akamwamkia Kipketer kwa lugha yao, na mzee akafurahi akaanza kumwuliza ukoo.

"Shosho, huyu amekuja kunifundisha kazi," Weldon akasema. "Nikifutwa, umemwona aliyenifuta."

"Afadhali. Wewe miaka miwili umenimalizia majani ya chai tu."

Cheptanui hakuingia kwenye mzaha wetu. Alizunguka Njata mara mbili. Akamshika mabega, akashika shingo, akainama kutazama kiwele, ambacho ni kama cha ndama wa juzi. Akamtazama nyuma kwa muda mrefu. Halafu akavaa glavu, akampapasa, na alipomaliza akatoa kwenye mfuko kijiti laini cha plastiki chenye ncha ya mviringo, akakipaka mafuta, akakiingiza polepole kwenye njia ya uzazi. Kikasimama. Akakitoa, akaweka kidole mahali kilipoishia, akamwonyesha Weldon. Sehemu iliyoingia haikuzidi kidole changu cha kati.

"Kwa mtamba wa umri huu kingeingia mpaka hapa," akasema, akagusa katikati ya mkono wake, karibu na kiwiko. Akanigeukia. "Nyanya, huyu alizaliwa pacha na dume?"

"Niliuliza," Weldon akasema. "Alizaliwa peke yake."

Cheptanui akanitazama mimi, hakumtazama Weldon. Nikamwambia anieleze kwanza kwa nini anauliza.

Akanieleza kama mwalimu mzuri, bila haraka. Ng'ombe akibeba mapacha, mara nyingi makondo yao hukutana na kushikana, mishipa inaungana, damu ya mmoja inapita kwa mwingine. Kama ni dume na dume, sawa. Jike na jike, sawa. Lakini dume na jike, dume hutangulia kujijenga. Akiwa bado hata hajafika ukubwa wa panya, mwili wake unaanza kutengeneza dawa ya udume, na dawa hiyo inavuka na damu mpaka kwa dada yake wakati kizazi chake yeye ndio kinataka kuanza. Kinakatazwa. Kinabaki kamba tu. Jike anazaliwa mzima, anakula, ananenepa, shingo inakuwa nene kama ya dume, lakini mle ndani hakuna nyumba. Katika kumi, alisema, tisa huwa hivyo. Hakuna sindano wala chumvi.

Nilikuwa nikimsikiliza nikiliona lile kondo, nguo mbili zilizoshonwa pindoni.

"Labda nimekosea," Cheptanui akasema, nadhani aliona uso wangu. "Kama alizaliwa peke yake ni jambo lingine, hata mimi sijui. Tunaweza kutoa damu tuipeleke ikapimwe. Majibu ni kama mwezi mmoja."

Mwezi mmoja. Mwezi mmoja ungenipeleka mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Ningemwambia Wangechi tunangoja majibu ya damu. Kipketer alikuwa amesimama pale pale na kamba, kofia yake mkononi kwa sababu ya heshima kwa daktari, na nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka na kalenda, na kutazama nyuma ya ng'ombe, na kila Jumapili kumimina chai nikiwa na neno mdomoni.

"Usimtoe damu," nikasema. "Walikuwa wawili."

Njata akakojoa.

"Shosho," Weldon akasema hatimaye, "nilikuuliza mbele ya mzee huyu."

"Ndio maana nilikujibu vile."

Kipketer akaifunga kamba kwenye nguzo ya zizi, polepole, fundo lake lile la mara mbili. "Dume alikuwa mzima?"

"Mzima. Mdogo. Aliishi siku tatu."

"Yuko wapi?"

Nikampeleka nyuma ya jikoni. Ule mti wa avokado umenipita urefu sasa, lakini haujazaa. Akasimama mbele yake kofia mkononi bado. Nikamwambia yote, hata ile ya dang'a, kwamba nilimnyonyesha wangu kwanza, wake akapata matone. Hiyo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata Mungu nilimwambia kwa kuzungukazunguka.

Akaligusa shina la ule mti. Halafu akasema, "Mimi sikusoma. Lakini ungeniambia wakati ule, ningekuambia anayoyasema yule msichana. Jike aliyezaliwa na dume, sisi hatumpeleki kwa fahali. Baba yangu alijua hivyo. Ningekuambia siku ile ile ya Alhamisi."

Akavaa kofia, akavuka kijito. Chai ilikuwa tayari kwenye birika. Weldon na Cheptanui walikunywa kikombe kimoja kimoja wakiwa wamesimama, na kabla ya kupanda pikipiki yule msichana alirudi akanishika mkono.

Jioni nikampigia Wangechi.

"Hashiki," nikasema. "Hakuumbwa wa kushika."

Nilisikia sufuria huko kwake, na watoto wakigombania kitu. "Pole, Mami," akasema. Sauti yake haikuwa ya kushinda. "Nije Ijumaa?"

"Njoo Ijumaa."

Siku zilizobaki nilipanga vitu. Si vingi. Nilifua blanketi mbili, nikaanika, mvua ikazirudia. Vyombo nikaviweka kwenye ndoo. Picha ya Kihara nikaifunga kwa kitenge. Gambuti zake nikazisafisha nikaziweka kando ya mlango, kwa sababu sikujua mtu huvaa gambuti Rhonda kufanya nini. Mchinjaji mmoja wa sokoni alikuwa amesikia tayari, alipita mara mbili akimtazama Njata juu ya uzio, nikajifanya simwoni. Jumapili haikuwa imefika, lakini nilijua Kipketer hangekuja. Asubuhi nilisikia kikohozi ng'ambo ya kijito, nikakohoa. Basi tumerudi huko, nikasema.

Alhamisi saa nne, ukungu ukiinuka, nikamwona anavuka. Anavuta ng'ombe mweupe mwenye masikio meusi, na ng'ombe mwenyewe anatembea kama mtu anayepanda ngazi. Chelel amezeeka. Mifupa ya nyonga imetokeza, pembe moja imevunjika ncha. Lakini tumbo upande wa kulia lilikuwa limejaa.

Nikatoa kiti. Hakukaa.

"Nilikasirika," akasema.

"Najua."

"Hujui. Ndama hufa. Mimi mwenyewe nimeua ndama wangapi kwa uzembe? Nilikasirika kwa sababu miaka minne nimekunywa chai hapa, na huko kwetu nikiulizwa namwamini vipi Mkikuyu na ng'ombe, nasema yule mama hawezi kunificha kitu." Akatema mate kando. "Walinicheka jana. Niliwaambia mwenyewe, kabla Weldon hajawaambia."

Nikamwambia naomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, yakatoka hayo tu.

"Maksai wangu mmoja alikufa mwezi wa nne," akasema, akitazama zizi. "Aliyebaki havuti plau peke yake. Yule wako ana shingo. Anaweza kufungwa nira akalima, wa namna yake ndio wazuri kwa kazi hiyo. Nipe yeye. Huyu nakuachia."

"Huyu ana mimba."

"Miezi sita na nusu. Ni fahali wangu, hakuna sindano. Nadhani ni mimba yake ya mwisho. Kule kwangu ni mteremko, maji yako chini, anachoka. Kwako ni tambarare. Mpatano ni ule ule."

Nikamtazama Chelel, naye akanitazama. Sijui kama alinikumbuka. "Mzee, mimi nimechoka," nikasema. "Nikianguka tena mtaroni?"

"Hata yeye amechoka. Mtakaa." Halafu akaongeza, kama jambo dogo: "Nepia nitakata mimi. Nikipita na wale wawili kwenda shambani nitakuwa nikiteremsha mabunda hapa. Njata wako atayavuta mwenyewe. Amekula bure vya kutosha."

Hapo nikacheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Akakaa kwenye kiti akaomba chai.

"Na akizaa wawili?" aliniuliza, kikombe kikiwa karibu na mdomo.

"Nitakuambia."

"Siku hiyo hiyo. Hata nikiwa Longonot. Nina simu."

Njata aliondoka naye kabla ya jua kuwa kali. Alipinga kidogo kwenye kijito, halafu akafuata. Sikulia, nilikuwa na maji ya kuteka.

Ijumaa Wangechi alishuka barabarani na mifuko mitatu mitupu ya kubebea vitu, na mmoja uliojaa. Akakuta blanketi kwenye kamba, ndoo ya vyombo mlangoni, na ng'ombe mzee zizini.

"Huyu si Njata."

"Si yeye."

"Tulisema Njata akishika mimba."

Nikamweleza. Yote, na ya dang'a pia, kwa kuwa sasa nilikuwa nimeshayasema mara moja na ulimi unaijua njia. Alinisikiliza akiwa amekaa juu ya lile debe langu, viatu vyake matopeni, na nilipomaliza niliona kwamba naye amechoka. Ana watoto watatu, anasimama kibandani kutwa akikaanga samaki, na kila simu ya usiku anadhani ni mimi nimepatikana mtaroni. Sikuwa nimemtazama vizuri kwa muda mrefu. Nilikuwa natazama ng'ombe.

"Na baada ya miezi mitatu?" akauliza. "Akishazaa? Akifa akizaa?"

"Akifa, nitakuja. Sitaomba tena."

Akafikiri. Akasema basi iwe hivyo, lakini simu nimpigie kila asubuhi kabla ya kwenda zizini na kila nikitoka, na mtaro Owuor atakuja kuufunika kwa mbao. Nikakubali yote mawili.

Nikachota ndoo ya maji ya kijito, baridi ile ya kuuma meno, nikampa Chelel. Nilimwambia Wangechi aweke kiganja upande wa kulia, chini kidogo ya ubavu, angoje. Ng'ombe akinywa maji baridi, aliye ndani hushtuka. Tukangoja. Chelel akanywa mpaka ndoo ikalia.

"Sisikii kitu," Wangechi akasema. Halafu kiganja chake kikainuka kidogo, kikashuka. Akakisogeza mahali pengine, akangoja tena, uso wake umeelekea ukutani.

"Ni mmoja au wawili?" akauliza.

"Sijui. Tutaona, tutasema."

Hakuondoa mkono. Baadaye alipoingia ndani alifungua ule mfuko uliojaa, akatoa pazia. Lilikuwa la kijani, na maua madogo. Akasema Owuor alilinunua na halirudishwi dukani, kwa hiyo tukatafuta misumari tukalitundika kwenye dirisha la jikoni, lile linalotazama zizi, na mimi nikalisogeza upande mmoja ili niendelee kuona.